Kupungua haraka Kigali: hesabu ambayo muuzaji hakuambii

Miezi ya harusi ikikaribia Kigali, matangazo ya kupunguza uzito huongezeka: kilo kumi kwa mwezi, tumbo bapa kwa wiki mbili, lipa kwa simu uletewe na pikipiki hadi mlangoni. Bei ya kifurushi huandikwa kwa herufi kubwa. Gharama isiyoandikwa popote ni ya kifuko cha nyongo, na hiyo inaweza kukulaza hospitali miezi mitatu baada ya harusi kupita.

Sikukatazi kupungua. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupungua husaidia moyo, magoti na sukari ya damu, na unene wenyewe ni mojawapo ya visababishi vya vijiwe vya nyongo. Ninachokuomba ni upige hesabu kabla hujatoa faranga zako. Kati ya njia zote zinazopatikana mjini, iliyo salama zaidi ndiyo iliyo nafuu zaidi, na haitangazwi kwa sababu hakuna anayepata faida kwa kuitangaza.

Kifuko cha nyongo kiko chini ya ini, upande wa kulia. Kinahifadhi nyongo, na mtu akila chakula chenye mafuta, kinajiminya na kuimwaga kwenye utumbo. Ukijinyima chakula ghafla, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Mafuta ya mwilini yanapovunjwa kwa kasi, ini humimina kolesteroli nyingi kwenye nyongo. Na kwa kuwa huli mafuta, kifuko hakijiminyi. Nyongo nzito inakaa humo siku baada ya siku, inafanya chembe, na chembe zinakua kuwa vijiwe. Haihitaji miaka. Wiki chache zinatosha.

Kipimo cha kukumbuka ni kilo moja na nusu. Anayepungua zaidi ya hapo kila wiki huingia kwenye eneo la hatari. Kasi inayopendekezwa na madaktari wengi ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995 ulifuatilia watu zaidi ya 1,000 waliokula chakula cha maji chenye kilokalori 520 tu kwa siku kwa wiki 16. Kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 28 walipata vijiwe. Ni zaidi ya mtu mmoja kati ya kila wanne, ndani ya miezi minne. Wanawake wako katika hatari zaidi kuliko wanaume, hasa waliozaa mara kadhaa na waliovuka miaka 40, na hao hao ndio wateja wanaolengwa na matangazo haya.

Sasa tuziangalie njia zenyewe, tukianza na ile inayoonekana ya bure: kujifungia nyumbani na maji ya limau, tangawizi na supu ya kabichi. Hulipi kitu, ila unaingia moja kwa moja kwenye hali niliyoieleza, yaani chakula kidogo mno na mafuta sifuri. Limau halina kosa, na kabichi pia. Kosa ni kukaa siku nyingi bila kifuko kupata sababu ya kujiminya. Tena wengi hawafiki mwisho. Wanapungua, wanachoka, wanarudi kula, na kilo zinarudi. Kupanda na kushuka huko nako kuna gharama. Uchunguzi mkubwa wa wauguzi wanawake wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 uliona kwamba waliopungua na kunenepa tena kwa kilo tisa au zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 68, wa kuishia kutolewa kifuko cha nyongo kuliko waliokaa kwenye uzito mmoja.

Zinafuata chai za kupunguza uzito. Soma nyuma ya pakiti. Nyingi zina sanamaki, ambayo mabibi zetu waliijua vizuri kama dawa ya kuharisha. Mizani itashuka kweli, lakini kilichotoka ni maji na choo, na ukinywa maji kesho kutwa namba inarudi. Pakiti hukaa muda mfupi, kwa hiyo unanunua tena na tena. Wasiwasi mkubwa zaidi ni chai na vidonge visivyo na orodha ya viungo. Bidhaa za aina hii zimekamatwa mara nyingi katika nchi mbalimbali zikiwa zimetiwa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Pakiti isiyo na jina la mtengenezaji, tarehe wala viungo, irudishe ilikotoka, hata ukiuziwa na mtu unayemwamini. Si thamani ya pesa.

Unga wa kukoroga badala ya mlo una nafuu moja, kwamba vipimo vyake vimeandikwa kwenye kopo. Tafuta mistari miwili. Wa kwanza ni jumla ya kilokalori kwa siku ukifuata maelekezo: ikishuka chini ya 800, hiyo ni njia ya kufuatwa chini ya uangalizi wa daktari, si ya kuagizwa kwa simu. Wa pili ni gramu za mafuta. Watu wanaokimbilia kopo lenye mafuta kidogo kuliko yote wanajidhuru bila kujua. Mwaka 1998 watafiti wa Italia walilinganisha vikundi viwili vidogo vya watu waliokuwa wakipungua kwa kasi. Kundi moja lilikula gramu 3 za mafuta kwa siku, jingine gramu 12. Katika lile la gramu 3 zaidi ya nusu walipata vijiwe. Katika lile la gramu 12 hakupata hata mmoja. Walikuwa watu wachache, lakini funzo lake linaendana na jinsi kifuko kinavyofanya kazi, na madaktari wamelichukua: angalau mlo mmoja wa siku uwe na gramu 7 hadi 10 za mafuta.

Gharama iliyofichika ya unga ni kwamba familia yako haiachi kula. Unanunua kopo, na sufuria bado inapikwa. Kwa nyumba yenye kipato kimoja, huo ni mzigo wa pili, si badala ya wa kwanza.

Sindano za kila wiki ndizo ghali kuliko zote, na hakuna haja ya kuzidharau: kwa wenye unene uliopitiliza au kisukari, zikiandikwa na daktari, zinafanya kazi. Ila zinagusa nyongo pia. Uchambuzi wa majaribio 76 uliochapishwa mwaka 2022 uliona kuwa kundi hili la dawa linaongeza magonjwa ya kifuko na mirija ya nyongo, takribani watu 27 zaidi kwa kila 10,000 kwa mwaka, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wanaozitumia kwa ajili ya kupungua. Zinahitaji friji kabla ya kufunguliwa, na Kigali umeme wako ukikatika dawa yako inapata joto. Na zikiachwa? Katika ufuatiliaji wa watu waliotumia semaglutidi kisha wakaacha, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Kwa hiyo usihesabu bei ya mwezi mmoja. Hesabu ya miaka. Kama huwezi kulipa mwaka mzima bila kukopa, usianze kwa sababu ya harusi ya Agosti. Na sindano inayouzwa kwenye kichupa kisicho na boksi, saluni au kwa mtu wa mtandaoni, usiiguse kwa bei yoyote.

Inabaki sahani ya kawaida. Chukua mgahawa wa mélange pale Kimironko au Nyabugogo saa saba mchana. Sahani ni moja, bei ni moja, na mtu anajaza kadiri anavyotaka: wali, viazi, ndizi, tambi, ubugari pembeni, kisha maharage, dodo (mchicha), na kipande cha nyama juu. Vyakula vitano vya wanga kwenye sahani moja. Bei ile ile inakuruhusu kuchukua wanga wa aina moja, kujaza nusu ya sahani dodo na kabichi, kuchota maharage vizuri, na kuongeza parachichi. Nusu ya parachichi la wastani ina gramu 10 hadi 15 za mafuta, nayo peke yake inakitosha kifuko chako kwa siku hiyo. Parachichi halina msimu mrefu wa kukosekana hapa, na sokoni huuzwa kwa mafungu. Asiyelipenda atumie kiganja cha karanga, au mayai mawili, au isombe, yaani majani ya muhogo, iliyopikwa kwa karanga.

Halafu acha fanta, kwa maana yake ya Kigali, yaani soda ya rangi yoyote. Chupa moja ya mililita 300 ina takribani gramu 30 za sukari. Anayekunywa moja kila siku akiacha, anapunguza uzito na kubaki na pesa. Hii ndiyo njia pekee kati ya zote nilizozitaja ambayo mwisho wa mwezi inakurudishia faranga badala ya kuzichukua.

Kutembea hakulipiwi. Mji wetu wa vilima humfanyisha mtu mazoezi hata asipokusudia: panda kwa miguu badala ya moto, yaani pikipiki ya abiria, mara tatu kwa wiki, utaona nauli inabaki. Kuna pia Car Free Day, iliyoanza mwaka 2016, Jumapili mbili kila mwezi, ambapo barabara hufungwa na watu hufanya mazoezi pamoja. Hapo hupimwa shinikizo la damu na sukari bure. Usilipie kifurushi cha vipimo hivyo kabla ya kupita huko.

Kasi yake? Mtu wa kilo 80 akipungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, baada ya miezi miwili amepungua kilo nne hadi nane, yaani asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake. Kiasi hicho kinatosha kubadilisha shinikizo la damu na sukari, na kinatosha gauni kukaa. Fundi cherehani wa Biryogo anaweza kupunguza gauni siku ya mwisho. Kifuko cha nyongo hakina fundi wa namna hiyo.

Kuna wanaolazimika kupungua haraka: waliofanyiwa upasuaji wa tumbo wa kupunguza unene, au daktari amewaweka kwenye chakula cha kilokalori chache kabla ya operesheni nyingine. Kwao kuna dawa ya kinga inayoitwa asidi ya ursodeoksikoli. Katika utafiti ule wa 1995, waliomeza miligramu 600 kwa siku walipata vijiwe kwa asilimia 3 tu, dhidi ya 28 ya wasiopewa dawa. Mwongozo wa madaktari wa ini wa Ulaya unaitaja kwa ajili hiyo, angalau miligramu 500 kwa siku hadi uzito utulie. Ni dawa ya kuandikiwa. Ukipewa karatasi, uliza dawa hiyo kwa jina lake badala ya jina la kampuni, kisha ulize maduka matatu ya dawa, maana tofauti ya bei kati ya mtaa na mtaa inaweza kukushangaza. Nunua ya mwezi mmoja kwanza, uone tumbo lako linaipokeaje, wengine huharisha. Kama unapungua polepole kwa chakula cha kawaida, huihitaji. Usiuziwe.

Sasa upande wa pili: umeshafuata mlo mkali, na tumbo linauma.

Maumivu ya nyongo yana tabia yake. Hushika juu ya tumbo, katikati au kulia chini ya mbavu, mara nyingi baada ya mlo wenye mafuta, na huweza kwenda hadi mgongoni au bega la kulia. Hukaa nusu saa hadi saa kadhaa, kisha huondoka. Kichefuchefu huja nayo. Kigali wengi husema wana igifu, yaani ugonjwa wa tumbo, wananunua dawa za asidi ya tumbo, wanamaliza boksi, wanaanza jingine. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimya kimya. Ukimeza dawa za tumbo wiki mbili na maumivu bado yanakuja kwa mtindo huo, acha kununua na uende kupimwa.

Kipimo cha kuanza nacho ni ekografi, yaani picha ya ultrasaundi ya tumbo. Huona vijiwe vya kwenye kifuko kwa uhakika mkubwa sana, haina mionzi, na ni nafuu kuliko picha zote kubwa. Ukiambiwa uanze na CT, uliza kwa nini. CT ni ghali mara kadhaa, na vijiwe vingi vya kolesteroli havionekani juu yake. Ina nafasi yake daktari akishuku tatizo la kongosho au jingine, lakini si ya kwanza. Nenda asubuhi bila kula kwa saa sita hadi nane. Anayekunywa chai ya maziwa njiani hukuta kifuko kimejiminya na hakionekani vizuri, akaambiwa arudi kesho, na nauli imeliwa mara mbili. Omba ripoti ya maandishi na picha zake. Bila hizo, hospitali inayofuata itakupima upya kwa gharama yako.

Wapi pa kupimia ni suala la bima. Mwenye mutuelle, yaani bima ya afya ya jamii, huanza kituo cha afya cha eneo lake, ambako hulipa faranga 200. Akipewa barua ya rufaa, huenda hospitali ya wilaya, kama Muhima, na huko hulipa asilimia 10 ya ankara. Kutoka hapo kuna CHUK, hospitali ya chuo kikuu ya Kigali, na kwa matatizo maalumu zaidi hospitali nyingine kubwa, kila ngazi kwa barua yake. Mwenye RAMA, bima ya afya inayosimamiwa na RSSB, shirika la hifadhi ya jamii, hulipa asilimia 15, na ana uhuru zaidi wa kuchagua pa kwenda.

Tuseme ankara ni faranga 300,000. Huu ni mfano wa kuhesabia, si bei ya mahali fulani. Mwenye mutuelle atatoa 30,000. Mwenye RAMA atatoa 45,000. Mwenye mutuelle aliyeruka barua ya rufaa na kwenda moja kwa moja atatoa 300,000 zote, sawa na asiye na bima. Ile siku moja ya kupanga foleni kituo cha afya imemwokolea mwenzake 270,000. Sijui kazi nyingine mjini inayolipa hivyo kwa siku.

Kliniki za binafsi zina faida moja ya kweli, nayo ni muda. Unapimwa jioni baada ya kazi na ripoti unaondoka nayo. Kwa ekografi peke yake, mtu asiyeweza kukosa kibarua siku mbili anaweza kuona ni heri alipe. Lakini mutuelle haitumiki kwenye kliniki nyingi za binafsi, na mwenye bima ya kampuni anapaswa kuuliza kabla ya kulala kitandani: bei yenu iko ndani ya kiwango cha bima yangu, au nitaongeza? Na kuna kuingia, yaani ada ya kumwona daktari, ambayo haimo kwenye bei ya picha uliyotajiwa kwenye simu. Uliza jumla.

Vijiwe vikionekana, usikimbilie kisu. Kama huna maumivu yoyote na vimegunduliwa kwa bahati wakati wa kupimwa kitu kingine, kwa kawaida havitibiwi. Watu wengi huishi navyo hadi uzeeni bila kujua. Yeyote akikuuzia operesheni au dawa kwa vijiwe visivyouma, omba maoni ya daktari wa pili kwanza.

Kama vinauma na vinarudia, tiba ya kudumu ni kukitoa kifuko. Mtu huishi bila hicho. Ini huendelea kutengeneza nyongo na kuituma moja kwa moja kwenye utumbo. Njia ni mbili. Ya kufungua tumbo ilianza Berlin mwaka 1882 kwa mikono ya Carl Langenbuch. Ya matundu madogo kwa kamera, laparoskopia, ilifanywa kwanza na Erich Mühe huko Ujerumani mwaka 1985.

Kwenye karatasi, ya matundu mara nyingi huonekana ghali zaidi. Linganisha hadi mwisho. Aliyefanyiwa kwa matundu hulala usiku mmoja au miwili na kurudi kazini baada ya wiki moja hadi mbili. Aliyefunguliwa tumbo hukaa hospitali siku kadhaa na huhitaji wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi, kabla ya kubeba ndoo au kusukuma mkokoteni. Muuza nguo wa sokoni akikosa wiki tano za mauzo, tofauti ya ankara imeshafutika. Kwa anayeishi kwa kazi ya siku, nasema wazi: ukiweza kupata ya matundu, ichukue hata kama utaongeza kidogo. Kama bima yako inakuwezesha kupata ya kufungua tu, nayo ni tiba kamili. Usibaki na maumivu miaka miwili ukingoja.

Upatikanaji unaendelea kuwa mzuri. Oktoba 2023 kituo cha IRCAD Africa kilizinduliwa Masaka, Kicukiro, kwa ajili ya kuwafundisha madaktari wa Afrika upasuaji wa aina hii. Hakikuhudumii wewe moja kwa moja kama hospitali, lakini madaktari waliopitia mafunzo ndio wanaoishika kamera. Muulize daktari wa upasuaji bila aibu: umezifanya ngapi, na ikishindikana kwa matundu mkalazimika kufungua, ankara yangu inakuwaje?

Swali hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu bei unayotajiwa mara nyingi ni ya operesheni tu. Fungua ankara yenyewe uisome mstari kwa mstari: kitanda kwa siku, dawa ya usingizi na daktari wake, vipimo vya damu kabla ya chumba cha upasuaji, glovu, dripu, uzi wa kushonea, dawa za maumivu, kipimo cha maabara cha kifuko kilichotolewa, na kurudi kukaguliwa jeraha. Kisha kuna yasiyo kwenye ankara kabisa. Hospitali za umma mgonjwa huhitaji wa kumuuguza, umurwaza, naye anakula, anapanda basi na anakosa kazi yake. Kuna chakula cha kuletwa kutoka nyumbani, shuka, sabuni. Kijiwe kikiwa kimeshuka kwenye mrija wa nyongo, kinahitaji utaratibu mwingine kabla ya operesheni, na si kila hospitali inaufanya. Kabla ya kusaini, omba makadirio ya maandishi yenye mistari yote hii, na uyapeleke kwenye bima yako. Kupokea jibu lao kabla ya kulazwa ni bora kuliko kubishana nao ukiwa na nyuzi tumboni.

Kuna wanaofikiria Kampala, Nairobi au India. Kwa kifuko cha nyongo cha kawaida, sioni sababu. Nauli ya watu wawili, malazi, na tatizo la nani atakuangalia jeraha likivimba ukisharudi, vinaifuta nafuu yoyote ya bei.

Vidonge vya kuyeyusha vijiwe vipo, ni ile ile asidi ya ursodeoksikoli. Hufanya kazi kwa vijiwe vidogo vya kolesteroli, kwenye kifuko ambacho bado kinajiminya, na humezwa miezi sita hadi miaka miwili. Ukiacha, karibu nusu ya watu vijiwe vinarudi ndani ya miaka mitano. Zidisha bei ya mwezi mara 24 kabla ya kusema ni nafuu kuliko upasuaji. Kwa mtu ambaye mwili wake hauwezi kustahimili operesheni, ni chaguo. Kwa mwingine, hapana.

Na ile dawa ya kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau usiku ili vijiwe vitoke na choo, usiifanye. Watu huonyesha chembe za kijani walizozitoa na kuamini. Mwaka 2005 madaktari wawili wa New Zealand waliandika katika jarida la Lancet kuhusu mwanamke wa miaka 40 aliyefanya hivyo na kuleta chembe zake. Maabara iligundua si vijiwe: ilikuwa aina ya sabuni iliyojitengeneza tumboni kutokana na mafuta na limau aliyokunywa. Vijiwe vyake vya kweli vilikuwa bado ndani, na mwishowe alifanyiwa upasuaji. Mafuta mengi hivyo kwa mkupuo mmoja yanaweza pia kukiminya kifuko chenye mawe na kukutia maumivu makali.

Hali hizi hazina kulinganisha bei: maumivu yasiyoachia kwa zaidi ya saa tano, homa na kutetemeka, macho au ngozi kuwa ya njano, mkojo kuwa kama chai ya rangi, choo kuwa cheupe, kutapika kusikokoma. Hapo kifuko kimevimba, au mrija umeziba, au kongosho limeguswa, na hilo la mwisho huweza kuua. Piga 912. Dharura haingoji barua ya rufaa; jamaa mmoja ashughulikie makaratasi wewe ukiwa unatibiwa. Ukiwahi ndani ya siku chache za mwanzo za uvimbe, madaktari wanaweza kukitoa kifuko palepale, mara nyingi kwa matundu. Ukichelewa, operesheni huwa ngumu, siku za kitanda huongezeka, na ankara hupanda.

Kwa hiyo, mwenye pesa kidogo na uamuzi wa wiki hii, mpangilio wangu ni huu. Kama una maumivu niliyoyaeleza, weka faranga zako kwenye barua ya rufaa na ekografi kabla ya kitu kingine chochote. Kama huna maumivu na unataka kupungua, usinunue chai wala sindano. Nunua parachichi, acha soda, tembea, na ujipe wiki nane. Na kwa vyovyote, angalia leo kama mutuelle ya familia nzima imelipwa. Kwa miaka mingi nyumba nyingi zimelipa faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka. Kiwango chako cha sasa utakiona ukiingia Irembo, tovuti ya huduma za serikali. Mwaka wake huanza tarehe 1 Julai. Lipa kabla ya kununua kifurushi chochote cha kupunguza uzito.